Cheti Kilikuwa cha Chaja, Si cha Taa

Shehena yetu ya kwanza ilikwama forodhani siku 47. Zilikuwa taa 2,000 za mezani, za kuchajiwa, zenye spika ndogo ya bluetooth iliyofichwa kwenye kitako. Mwenzangu alikuwa amezisanifu kwa miaka miwili, mimi nikashughulika na fedha na kiwanda. Tulikuwa na wateja waliokwisha kutoa malipo ya awali, na mkononi nilikuwa na bahasha nene ya vyeti. Siku nilipoitwa kuonana na ofisa aliyeshughulikia mzigo wetu, nilikwenda nikijua ni suala la kukabidhi karatasi na kuondoka.

Alichukua cheti cha juu kabisa. Akafungua boksi moja, akatoa chaja, akaigeuza kuitazama lebo ya nyuma. Kisha akaviweka mezani ubavu kwa ubavu. "Ndugu yangu, soma namba hii, halafu soma na hii." Ya kwenye karatasi iliishia na herufi A. Ya kwenye chaja iliishia na C. "Na hiki ni cheti cha chaja. Cha taa kiko wapi?" Sikuwa nacho. Sikujua hata kwamba natakiwa kuwa nacho.

Ilituchukua miezi 14 kutoka pale hadi taa ya kwanza kuuzwa kihalali. Naandika haya kwa sababu makosa yetu karibu yote yalitoka kwenye mzizi mmoja. Tulidhani kibali ni muhuri unaogongwa mwishoni, kazi ikishaisha. Kumbe kibali ni cha kitu kimoja kamili: taa hii, yenye chaja hii, betri hii, plastiki hii, iliyotoka kiwanda hiki. Ukibadilisha kimojawapo, karatasi uliyonayo inakuwa inazungumzia bidhaa nyingine.

Nianze na ile bahasha. Karatasi nyingi zilizokuwamo zilikuwa na alama ya CE, na msambazaji wa vipuri alikuwa ameniambia kwamba CE "inakubalika dunia nzima". Niliamini bila kuuliza. Alama ya CE ni ya soko la Ulaya. Kwa bidhaa nyingi, ikiwamo taa kama yetu, hakuna ofisi inayoitoa: mtengenezaji mwenyewe ndiye anayetia saini tamko kwamba bidhaa yake inatimiza sheria za Ulaya, kisha anatakiwa kutunza faili la kiufundi lenye ushahidi kwa miaka 10. Kwa hiyo karatasi ya CE isiyo na ripoti ya vipimo nyuma yake ni neno la mtu tu. Nchi nyingine inaweza kuipokea ripoti iliyo nyuma ya tamko hilo, ikiwa maabara inatambulika, lakini karatasi yenyewe kwa kawaida haifungui mlango nje ya Ulaya. Laiti ningeomba ripoti kabla ya kulipia mzigo, ningegundua kwamba ya chaja ilikuwa ya toleo la zamani, na ya taa haikuwahi kuwepo.

Hatimaye uamuzi ulitoka: mzigo urudishwe ulikotoka au uteketezwe. Tukaamua kuurudisha. Hapo tukakutana na ukuta mwingine. Kampuni ya usafirishaji ilitaka muhtasari wa majaribio ya betri chini ya kifungu cha 38.3 cha mwongozo wa Umoja wa Mataifa. Betri yoyote ya lithiamu inayosafirishwa lazima aina yake iwe imepita majaribio hayo. Inawekwa kwenye hewa nyepesi kama ya ndege iliyo juu angani, inapitishwa kwenye joto na baridi kwa zamu, inatikiswa, inagongwa, inapigishwa shoti kwa makusudi. Tangu Januari 2020 watengenezaji na wasambazaji wa betri wanatakiwa kuutoa muhtasari huo mtu akiuhitaji. Kumbe wakati wa kuja, kiwanda kilikuwa kimetumia muhtasari wa seli nyingine, yaani kiini tofauti cha betri. Tulikaa siku tisa tukisubiri ule sahihi, huku gharama za kuhifadhi mzigo zikipanda kila asubuhi. Betri yetu ina volti 3.7 na uwezo wa saa-ampea 2.6, maana yake wati-saa 9.62, ndogo kabisa kwa vigezo vya usafirishaji. Udogo huo haukutuondolea wajibu wa karatasi. Ukiagiza chochote chenye lithiamu, dai muhtasari wa seli ileile iliyomo ndani, namba kwa namba, kabla pesa haijatoka mfukoni mwako.

Mzigo ulipoondoka, nilirudi nyumbani nikalala nguo zikiwa mwilini. Kesho yake ilibidi niwapigie simu wateja mmoja mmoja, niwaambie pesa zao zinarudi. Hiyo ndiyo siku iliyoniuma kuliko zote.

Tulipoanza upya, tuligundua kwamba taa yetu haikuwa na mlango mmoja wa kupita. Ilikuwa na minne. Wa kwanza ni usalama wa umeme: taa haipaswi kumpiga mtu shoti, kuwaka moto wala kupata joto la kuunguza. Kwa taa, kiwango cha msingi cha kimataifa ni IEC 60598, na mashirika mengi ya viwango ya nchi yamekichukua kama kilivyo au kwa marekebisho machache. Wa pili ni usumbufu wa mawimbi: kifaa kisirushe kelele ya umeme inayoharibu redio na mawasiliano ya wengine. Wa tatu ni redio yenyewe, kwa sababu ya bluetooth. Wa nne ni betri.

Mlango wa tatu ndio uliotushangaza. Spika ile tuliiweka kwa kupenda tu, mwishoni mwa usanifu, mwenzangu akiona itavutia vijana. Hatukujua kwamba mara tu kifaa kinaporusha mawimbi kwa makusudi, hata yale ya bluetooth yanayoishia mita chache, kinaingia pia mikononi mwa mamlaka ya mawasiliano, ambayo ina fomu zake, ada zake na muda wake, mbali kabisa na shirika la viwango. Kipengele ambacho mteja angeweza kukikosa bila kulalamika kilituongezea miezi mitatu. Ningekuwa naanza leo, toleo la kwanza lisingekuwa na redio kabisa. Kama ni lazima iwepo, basi nunua moduli, yaani kipande cha redio kilicho tayari, iliyokwisha kupimwa na kuthibitishwa, uitumie na antena ileile iliyopimwa nayo. Sisi tulikuwa tumechora antena yetu wenyewe kwenye bodi ya saketi ili kuokoa pesa kidogo, na kwa hatua hiyo tukajitwisha vipimo vyote vya redio tangu mwanzo.

Kuchagua maabara nako tuliteleza. Tulisikia kwamba maabara inatakiwa iwe na ithibati ya ISO/IEC 17025, kiwango cha kimataifa cha umahiri wa maabara, tukapata moja, cheti chake kikiwa kimetundikwa ukutani, tukalipa. Wiki ya tatu shirika la viwango likaikataa ripoti. Ithibati ilikuwa ya kweli kabisa, ila cheti cha ithibati kina kiambatisho kinachoorodhesha viwango gani hasa maabara imeruhusiwa kupima, na kiwango cha taa hakikuwamo. Walikuwa na ithibati ya nyaya na swichi. Hakuna aliyetudanganya, sisi ndio hatukusoma kiambatisho. Kabla ya kulipa, omba kiambatisho hicho, tafuta namba ya kiwango chako pamoja na mwaka wa toleo lake, kisha wapelekee watakaoipokea ripoti uwaulize kwa maandishi kama wataikubali. Barua pepe moja ya namna hiyo ingetuokolea wiki tano na ada nzima ya vipimo.

Katika kipindi hicho tulijiwa na mtu aliyeahidi cheti ndani ya siku tatu, bila kuona taa. Bei yake ilikuwa robo ya ile ya maabara, na sisi tulikuwa tumechoka. Nakiri tulikaa usiku mmoja tukijadili. Mwenzangu akauliza swali moja: maabara isiyoomba sampuli inapima nini? Tukaachana naye. Baadaye nilijifunza kwamba taasisi nyingi zinazotoa vyeti zina daftari mtandaoni unamoweza kuingiza namba ya cheti ukaona jina la bidhaa, jina la mwenye cheti na kama bado kiko hai. Sasa kila cheti ninachopokea kutoka kwa msambazaji nakihakiki hivyo, hata kama namfahamu miaka.

Maabara ya pili ilitufundisha mengi kuliko tulivyolipia. Mtaalamu aliyetupokea alikuwa mama wa makamo, mpole, asiye na haraka. Siku ya kwanza alichukua taa yetu, akalowesha kitambaa kwa maji, akasugua lebo kwa sekunde 15. Akachukua kitambaa kingine, akakilowesha kwa spiriti ya petroli, akasugua tena sekunde 15. Alipoinua mkono, namba ya volti ilikuwa imefutika, na pembe ya lebo ilikuwa imeanza kujikunja. Akatuonyesha bila kusema neno. Jaribio hilo limo kwenye kiwango, na sababu yake ina uzito: miaka mitano baadaye, mtu akiokota taa hiyo akataka kujua ni chaja ya volti ngapi inayoifaa, lebo lazima iwe bado inasomeka. Mimi ndiye niliyechagua lebo ile ya karatasi kwa kuwa ilikuwa rahisi. Tukaagiza nyingine za plastiki, zenye wino usiotoka kwa mafuta, na kwa kuwa tulikuwa tunazichapa upya, tukapeleka kwanza mchoro wake ukakaguliwe: jina la mtengenezaji, namba ya toleo, volti, wati, alama zote zinazotakiwa, na lugha inayotakiwa na soko husika. Kukagua mchoro ni kazi ya mchana mmoja.

Kisha ikaja siku ya chumba cha mawimbi. Kuta na dari zake zimejaa piramidi za sifongo zinazomeza mawimbi ya redio, na ukisema kitu mle, sauti yako inakufa mdomoni. Taa iliwekwa juu ya meza isiyopitisha umeme, kimo cha sentimita 80, meza yenyewe ikizunguka polepole mduara mzima. Upande wa pili antena ilikuwa ikipanda na kushuka, kati ya mita 1 na mita 4, ikitafuta mahali kelele ilipo kubwa zaidi. Sisi tulikaa chumba cha jirani tukitazama skrini. Kulikuwa na mstari mwekundu wa ukomo, na chini yake mchoro wa taa yetu ukijichora kuanzia megahezi 30 kwenda juu. Karibu na megahezi 50 ukachomoza mwiba, ukavuka mstari mwekundu ukaendelea kupanda.

Mwenzangu alinyamaza kimya. Yule mama akaingia ndani, akachomoa waya wa chaja taa ikabaki inatumia betri, akarudia. Mwiba haukuwepo. "Taa yenu haina ubaya," akasema, "waya ndio umegeuka antena." Akatupigia hesabu kwenye kipande cha karatasi. Wimbi la megahezi 50 lina urefu wa mita 6, na robo yake ni mita 1 na nusu. Waya wetu ulikuwa wa mita 1 na nusu kamili. Kelele ndogo iliyozaliwa ndani ya chaja ilipata njia nzuri kabisa ya kutokea.

Tulirekebisha kwa kuongeza koili ya kuchuja kelele pale waya unapoingia kwenye bodi, pamoja na pete ya feraiti kwenye waya. Ni vipuri viwili vya bei ndogo mno. Kilichokuwa ghali ni kwamba bodi ya saketi haikuwa na nafasi ya koili, kwa hiyo ilichorwa upya, ikatengenezwa upya, na vipimo vya usalama vilivyokuwa vimeshapita vikarudiwa kwa sehemu. Mtaalamu alituambia jambo ambalo natamani kila msanifu alisikie mapema: mlete taa ikiwa bado iko kwenye mbao na gundi, tuipime isivyo rasmi nusu siku, mkiwa bado mnaweza kuhamisha kitu. Maabara nyingi hutoa huduma hiyo kwa bei nafuu kuliko vipimo rasmi.

Usiku ule mimi na mwenzangu tuligombana vibaya. Nilimtupia lawama za waya, naye akanikumbusha bahasha ya vyeti. Tulikaa wiki mbili tukiwasiliana kwa ujumbe mfupi tu, habari za kazi basi. Biashara ikiwa inasubiri kibali, haiingizi chochote lakini mishahara inaendelea, na watu wanaopendana huanza kutafutana makosa. Kama una mshirika, kubalianeni mapema mtaishi vipi kwa miezi 12 bila mauzo. Sisi hatukuwa tumekubaliana lolote.

Tulipopata ripoti safi, lilibaki jambo la ukaguzi wa kiwanda. Katika mfumo tulioombea, cheti hakitolewi kwa sampuli peke yake. Mkaguzi huenda kuangalia kama kinachotoka kiwandani ni kilekile kilichopimwa. Alichukua chaja moja kutoka kwenye mstari wa uzalishaji, akaifungua, akailinganisha na orodha ya vipuri nyeti iliyomo kwenye ripoti. Akasimama kwenye kapasita moja ya buluu, ya ukubwa wa kifungo cha shati. Kapasita hiyo inaunganisha upande wa umeme wa ukutani na upande ambao mtumiaji anaugusa. Ikipasuka vibaya, umeme wa ukutani unafika mkononi mwa mtu. Kwa sababu hiyo ina kiwango chake yenyewe, IEC 60384-14, na inayokubalika hubeba alama za walioithibitisha. Iliyokuwamo haikuwa na alama hata moja. Kiwanda kilikuwa kimeishiwa na ile ya awali, kikanunua nyingine yenye namba zilezile za uwezo na volti, na hawakuona sababu ya kutuambia.

Mstari ulisimamishwa. Sikukasirika sana na mkaguzi, nilishukuru. Mimi nina watoto, na taa ile ipo kando ya kitanda chao. Baada ya hapo tuliandika mkataba mpya na kiwanda: orodha ya vipuri nyeti imeambatanishwa, hakuna kinachobadilishwa bila idhini yetu ya maandishi, na sampuli mbili zilizopimwa zimefungwa kwa lakiri, moja kwao na moja kwetu, ili kila mzigo ulinganishwe nazo. Ungeniuliza ni karatasi gani ina thamani kuliko cheti chenyewe, ningesema ni orodha hiyo.

Kosa la mwisho lilikuwa la kisheria, nalo lilikuja tukiwa tumeshaanza kushangilia. Nchi nyingi zinataka mwombaji wa kibali awe amesajiliwa humo humo, kwa hiyo mtengenezaji wa nje hulazimika kuwa na mwakilishi. Katika soko la pili tulilolenga, tulimpa msambazaji wetu jukumu hilo. Cheti kikatoka kwa jina lake. Mauzo yake yalipolegea tukataka kumwongeza mwingine, akatujibu kwamba cheti ni chake na hakuna mwingine atakayeingiza taa zile. Kwa utaratibu wa soko lile, alikuwa na haki. Tuliomba upya kwa jina jingine, ada zote mara ya pili. Tulichookoa ni ripoti ya vipimo, kwa kuwa hiyo ilikuwa kwa jina letu. Mtenganishe anayeuza na anayeshika cheti. Ikishindikana, mkataba useme wazi cheti kitahamishwa au kufutwa vipi siku mkiachana, na utiwe saini kabla ya maombi kupelekwa.

Kuhusu ripoti, kama unalenga zaidi ya nchi moja, ulizia mpango wa CB unaosimamiwa na IECEE, mfumo wa kimataifa wa uthibitishaji wa vifaa vya umeme. Unapima mara moja kwenye maabara iliyomo kwenye mpango, unapata ripoti na cheti vinavyotambuliwa na mashirika ya uthibitishaji katika nchi wanachama zaidi ya 50. Kila nchi inaweza kuwa na tofauti zake, kama volti, umbo la plagi au lebo, na hizo huongezwa kwenye ripoti ileile ukizitaja tangu mwanzo. Sisi hatukuzitaja, tukarudi kupima sehemu mara mbili.

Fedha sasa, maana watu wengi huficha hapa. Tulikuwa tumetenga asilimia 5 ya mtaji wote kwa ajili ya vibali. Zilikwenda karibu asilimia 18. Ada za maabara na za maombi hazikufika hata nusu ya hizo. Zilizobaki ziliishia kwenye kuhifadhi na kurudisha mzigo, bodi mpya, lebo mpya, sampuli zilizoharibiwa kwenye vipimo, na mishahara ya miezi ambayo hatukuuza kitu. Taa 23 ziliharibiwa maabara kwa jumla, jambo ambalo halikuwamo kwenye bajeti yetu hata kwa mstari mmoja. Muda nao: tulipanga wiki sita.

Mteja mmoja kati ya wale wa mwanzo alikataa kurudishiwa pesa zake. Alisema atasubiri. Taa ya kwanza yenye alama ya uthibitisho nilimpelekea mwenyewe kwa mkono, akaigeuza kuisoma lebo, akaisugua kwa kidole gumba.

Wiki mbili zilizopita kiwanda kilituandikia kwamba mtengenezaji wa betri anaacha kutoa seli tunayotumia, na kwamba ipo nyingine inayofanana nayo kabisa, bora kidogo, kwa bei ileile. Kabla sijawajibu nilimpigia yule mama wa maabara. Akaniuliza namba ya seli, akaniomba ripoti yake ya IEC 62133, kiwango cha usalama wa betri, na muhtasari wa 38.3, akasema jaribio la kuchaji na la joto itabidi yarudiwe, mengine yanaweza kubaki. Nikawaandikia kiwanda wasinunue hata seli moja kwa sasa. Sampuli ziliondoka Jumatatu.